Minerva, Gari la Wafalme Lililozaliwa Bandarini Antwerp

Mtu akisimama Kiriri wakati wa alasiri, jua linapoanza kuinamia milima ya Uvira ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huuona mji wa Bujumbura umelala wote chini yake kama mkeka uliotandikwa, na sauti ya kwanza imfikiayo kutoka barabara zipandazo kilima hiki ni mngurumo wa magari: lililo zima hupanda kwa utulivu, na lililochoka hunung'unika, hutoa moshi, hubadilishwa gia, kisha hujikongoja hadi juu. Nimeisikiliza sauti hiyo kwa miaka mingi, na katika kuisikiliza nimeingiwa na hamu ya kujua habari za watu waliojitaabisha umri wao mzima ili gari lipite bila ya kusikika. Watu hao walikuwako, tena walikuwako katika nchi ambayo bendera yake ilipepea juu ya mji huu tangu mwaka 1916 hata mwaka 1962. Wazee wetu walifundishwa darasani majina ya wafalme wa Ubelgiji na mito yake. Walakini hawakuambiwa kwamba katika mji wa Antwerp, ambako meli nyingi za Kongo zilitia nanga, palikuwa na karakana iliyotengeneza magari yaliyoshindana na Rolls-Royce ya Waingereza kwa adhama na ukimya. Jina la karakana hiyo lilikuwa Minerva.

Mwanzilishi wake, Sylvain de Jong, hakuwa Mbelgiji kwa nasaba. Alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1868, katika ukoo wa Kiyahudi, akahamia Antwerp angali kijana kutafuta riziki, na mwaka 1897 akaanza kuuza baiskeli alizoziita Minerva, kwa jina la mungu wa kike ambaye Warumi wa kale walimnasibisha na hekima na kazi za mikono. Zama hizo baiskeli ilikuwa hidaya mpya kwa Ulaya: mtu wa kazi aliyekuwa akitembea saa mbili kwenda kiwandani aliweza kufika kwa nusu saa, na kila mji ulijaa mafundi wa minyororo na spoki. Mafundi hao, pasipo kujua, walikuwa wakijifunza alifu na be ya gari.

Kila msafiri aliyepata kupita barabara itokayo Bujumbura kupanda Bugarama amewaona vijana wa Burundi wakishuka mlima kwa baiskeli zilizofunikwa na mikungu ya ndizi, na wakirudi juu wamejishikiza nyuma ya lori, mkono mmoja kwenye chuma cha lori na mwingine kwenye usukani, maana hakuna kifua cha binadamu kiwezacho kuupanda mlima ule kwa kukanyaga. Ni hatari iliyokwisha kuwatoa roho wengi, na serikali kadhaa zimeikataza. Nami naieleza hapa kwa sababu haja inayomsukuma kijana yule ndiyo iliyomsukuma de Jong. Baiskeli huomba nguvu isiyo ya miguu. Mnamo mwaka 1900 Minerva ilitoa injini ndogo ya petroli iliyoweza kufungwa katika fremu ya baiskeli ya kawaida na kuuzungusha gurudumu kwa mkanda, na injini hiyo ilipendwa sana hata wenye viwanda wa nchi nyingine wakainunua na kuitia katika vyombo vyao wenyewe. Pikipiki ya kwanza ya Triumph ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1902, ilikuwa na moyo wa Antwerp kifuani mwake.

Hapa sina budi kusimama kidogo bandarini, kwa kuwa mimi naandika kutoka Afrika na sioni uhalali wa kupita mahali hapo kwa kufumba macho. Baiskeli na gari havikuenda kwa injini peke yake. Vilienda juu ya mpira. Tangu Dunlop alipovumbua tairi la upepo mwaka 1888, ulimwengu ulishikwa na kiu ya mpira isiyokatika, na Antwerp ikawa miongoni mwa masoko yake makubwa, kwa sababu mpira wa pori wa Kongo, uliokusanywa kwa mijeledi na kwa kukamatwa wake na watoto wa wanakijiji kama rehani, ulishushwa katika gati zake. Karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, alizitazama meli hizo Antwerp akaona kwamba zilikuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zilirudi Kongo zimechukua bunduki na risasi, bila ya bidhaa zenye thamani ya kulipia vile vilivyoletwa; naye kwa hesabu hiyo tu akatambua kwamba watu wa huko hawalipwi chochote. Ufunuo huo ulimfanya aache kazi na kupiga mbiu dhidi ya utawala wa Leopold II, mpaka mwaka 1908 nchi ile ikatolewa mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la dola ya Ubelgiji. De Jong alikuwa fundi na mfanyabiashara, wala sikumbebeshi dhambi ya mfalme. Lakini magurudumu ya ulimwengu mzima wa wakati wake yalijaa upepo ndani ya ngozi hiyo, na mji uliomtajirisha ulitajirika hivyo.

Mwaka 1903 de Jong na wenziwe wakaunda shirika la Minerva Motors huko Berchem, kando ya Antwerp, kwa ajili ya kutengeneza magari ya magurudumu manne. Hawakuwa peke yao. Ubelgiji ya siku zile, pamoja na udogo wake, ilikuwa na makumi ya watengenezaji, kwa kuwa ilikuwa na makaa ya mawe, chuma na mafundi wa silaha wa Liège, ambao mikono yao ilizoea kuchonga mtutu wa bunduki kwa usawa wa unywele. Kiwanda cha FN cha Herstal, kilichoanzishwa mwaka 1889 ili kuliundia jeshi bunduki, kiliingia katika baiskeli, kisha pikipiki, kisha magari. Naye Mbelgiji Camille Jenatzy ndiye binadamu wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa juu ya barabara, mwaka 1899, katika chombo chenye umbo la risasi kilichoendeshwa na umeme wa betri. Wasomaji wanaodhani gari la umeme ni ajabu ya leo na wauzingatie mwaka huo.

Magari ya Minerva yalipata sifa upesi. Mjini London yaliuzwa na kijana wa ukoo wa kilodi aitwaye Charles Rolls, ambaye mwaka 1904 alikutana na fundi Henry Royce, na kutokana na makutano yao likazaliwa jina la Rolls-Royce. Basi yule aliyekuja kuwa mshindani mkuu wa Minerva alianza kama dalali wake. Mwaka 1907 Mwingereza John Moore-Brabazon alishinda mashindano ya Ardennes akiendesha Minerva. Ushindi huo ulilipamba jina la kampuni magazetini, lakini siyo uliolitenga na majina mengine. Kilicholitenga ni ukimya, na ukimya huo una kisa chake.

Katika injini ya kawaida, kama ile iliyomo katika gari la jirani yako, mchanganyiko wa hewa na petroli huingia ndani ya silinda, na moshi hutoka, kupitia vali zilizo na umbo la uyoga, ambazo husukumwa na kurudishwa na springi maelfu ya mara kwa dakika. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji huu, ambao barabara zake huitwa kwa namba na ambao katika kila barabara utakuta boneti iliyo wazi na miguu ya mtu imetokeza chini ya gari, huzijua vali hizo kwa masikio. Nilimwuliza mzee mmoja wao, aliyeshika spana tangu utoto wake, atajuaje kwamba vali zinahitaji kurekebishwa, akaniambia, "Mwanangu, gari likiugua husema, kazi ya fundi ni kunyamaza alisikie." Mwanzoni mwa karne iliyopita vali hizo ziligonga kama cherehani, na tajiri aliyezoea gari la farasi, ambalo husikika kwato tu, aliudhika na makelele yake.

Mmarekani mmoja aitwaye Charles Yale Knight, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti la wakulima kabla ya kuwa mvumbuzi, aliudhika kuliko wote, akabuni injini isiyo na vali za uyoga kabisa. Badala yake alizivisha pistoni mikono miwili ya chuma chembamba, mmoja ndani ya mwingine, yenye kupanda na kushuka taratibu kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Na kila mkono ulikuwa na madirisha. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja nikimfananishia na mtu aliyevaa joho juu ya kanzu: joho limepasuliwa ubavuni na kanzu ina mfuko, na mkono wake hauufikii mfuko ila pale mpasuo na mfuko vinapokutana. Vivyo hivyo madirisha ya mikono ile yalipolingana, hewa iliingia au moshi ulitoka. Yalipopishana, silinda ilifungwa kabisa. Hapakuwa na kitu cha kugonga kitu. Chuma kiliteleza juu ya chuma ndani ya mafuta, na injini ikapumua kama mtu aliyelala.

Minerva ilipata ruhusa ya kutumia uvumbuzi huo mwaka 1908, na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 ikaushikilia kwa uaminifu ambao wengine hawakuwa nao. Daimler ya Uingereza iliutumia, na Panhard ya Ufaransa, na hata Mercedes kwa kitambo. Lakini Antwerp ndiko ulikofanywa kuwa itikadi. Kasoro zake hazikufichika. Mikono ile ilitaka kuchongwa kwa ustadi mkubwa na gharama kubwa, ilikuwa mizito, na ilikunywa oili nyingi, hata nyuma ya gari la fahari likafuata wingu jepesi la moshi wa samawati. Wenye kulinunua hawakujali. Wafalme wa Ubelgiji, Norwei, Uswidi na Rumania walilipanda, na maharaja wa Uhindi wakaliagiza. Na hutajwa pia kwamba Henry Ford mwenyewe alikuwa nalo moja. Kiwanda kilitoa fremu, injini na magurudumu, nalo bodi lilishonwa kama nguo kwa kipimo cha mwenyewe na mafundi maalumu, akina D'Ieteren na Vanden Plas, kwa mbao, ngozi na rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Na mbele, juu ya rejeta, kikawekwa kichwa cha yule mungu wa Kirumi amevaa kofia ya vita.

Kofia hiyo ikaja kuwa ya kweli. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na luteni mmoja, Charles Henkart, akatwaa magari ya Minerva, akayavika mabamba ya chuma, akayapachika bunduki ya rashasha na kuyapeleka kuyavizia majeshi ya adui. Yakawa miongoni mwa magari ya deraya ya kwanza kabisa kupigana katika vita vile. Henkart aliuawa mwezi wa Septemba mwaka uo huo, kabla ya Antwerp kuanguka mwezi wa Oktoba. De Jong na wahandisi wake walihamia Amsterdam, katika nchi isiyokuwa vitani, wakaendelea kuchora magari ya siku za amani.

Katika mwezi huohuo wa Agosti, kabla Henkart hajafa, meli ya Wajerumani ilivuka Ziwa Tanganyika ikapiga mizinga bandari ya Wabelgiji penye mto Lukuga, na ziwa hili tulitazamalo kutoka Kiriri likawa uwanja wa vita. Mwezi wa Juni mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, ambayo askari wake walikuwa Waafrika na wapagazi wake wasiohesabika walikuwa Waafrika, yakaingia Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zama hizo, na Wajerumani wakaondoka. Hivyo vita vilevile vilivyokifunga kiwanda cha Antwerp ndivyo vilivyoileta bendera ya Antwerp kandoni mwa ziwa letu. Tofauti ni hii: kule walipigana juu ya magari, na huku mizigo ya vita ilibebwa vichwani mwa watu, mwendo wa majuma na majuma, na wengi waliobeba hawakurudi makwao. Kila nionapo picha ya Minerva yenye deraya huwakumbuka hao.

Baada ya vita Minerva iliinuka tena na kufika kilele chake. Ilitoa gari la silinda 6 lenye injini ya lita 5.3, na mwaka 1930 likaja lile la silinda 8 na lita 6.6, ambalo mimi nalihesabu kuwa la fahari kupita yote yaliyopata kutoka Ubelgiji. Walakini kilele hicho kilikuwa juu ya mchanga. Ford walikuwa wameanza kuunganisha magari yao Antwerp hapohapo tangu mwaka 1922, na General Motors wakafuata mwaka 1925, kwa maana bandari iliyoufungulia ulimwengu milango haikuweza kumfungia Mmarekani. Gari la Ford lilipiga kelele na kutikisika, lakini bei yake iliweza kulipwa na mwalimu au mwenye duka, na likiharibika njiani fundi yeyote mwenye nyundo na waya aliweza kulifufua. Gari la Minerva likiharibika lilimtaka bwana wake alirudishe kwa wale walioliunda. De Jong alifariki mwaka 1928, hakuuona mporomoko wa biashara ulioanza Marekani mwaka uliofuata, ambao uliwafukarisha matajiri wengi na kuwafanya waliobaki waone haya kujionyesha. Wanunuzi wakatoweka. Mwaka 1934 kampuni ilifilisika, ikaundwa upya kwa jina jipya, na mwaka 1936 ikamezwa na kampuni ya Imperia. Gari la ukimya likawa kimya kwa maana nyingine.

Hukumu yangu ni kwamba Minerva haikuuawa na uvivu wala na hila. Ilikufa kwa sababu iliutumikia mlango mmoja tu, mlango wa ikulu, na siku ikulu zilipofunga mikoba yake hapakuwa na kibarua, mkulima wala fundi wa mtaani aliyekuwa na sababu ya kuililia. Ilipojaribu kuunda magari madogo na malori, muda ulikuwa umekwisha kupita.

Hata majengo yake yalikuwa na msiba. Karakana ya Minerva ya Mortsel, nje kidogo ya Antwerp, ilitwaliwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili wakaifanya mahali pa kutengenezea ndege zao, chini ya jina la Erla. Tarehe 5 Aprili 1943 ndege za Marekani zilikuja mchana kuibomoa, na mabomu mengi yakaikosa shabaha, yakaangukia nyumba na shule zilizojaa watoto. Watu 936 walikufa, na zaidi ya 200 miongoni mwao walikuwa watoto. Wao hawakupanda Minerva, wala hawakuunda ndege, walikuwa darasani.

Jina lenyewe lilirudi mara moja tena, na marejeo hayo ndiyo yanayotuhusu sisi. Kuanzia mwaka 1951 Minerva ilipewa na kampuni ya Rover ya Uingereza ruhusa ya kuunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na maelfu yao yakatoka kabla ya kampuni kuzimika kabisa kabla ya miaka ya 1950 kwisha. Land Rover ya Waingereza ilikuwa na bodi la alumini na madigadi ya mbele yaliyochongoka wima kama sanduku. Ya Minerva ilikuwa na bodi la chuma cha kawaida kipindwacho kirahisi, na madigadi yake ya mbele yalilala kwa mteremko, bapa, kama bao la kuandikia. Asiyejua husema ni Land Rover kama nyingine. Anayejua huitambua kwa mbali.

Kuna nyumba hapa Kiriri, na Rohero, na Buyenzi, ambamo zimo picha za miaka ya 1950 na ya kuelekea uhuru: baba amesimama kando ya gari, mkono juu ya boneti, nguo zimepigwa pasi, ziwa nyuma yake. Nakuomba, ndugu msomaji, uitoe picha hiyo sandukuni kabla mchwa hawajaitoa. Litazame digadi la mbele, uone limesimama au limelala. Tazama pia kama juu ya wavu wa rejeta mna jina. Kisha umwulize mzee aliyekuwapo gari lilikuwa la nani, nani alikuwa dereva wake na nani alikuwa fundi wake, uyaandike majina yao nyuma ya picha kwa kalamu, pamoja na mwaka na mahali.